Begi lililoniharibia lenzi mbili

Begi langu la kwanza la kamera lilikuwa begi la shule. Nilianza kupiga picha za harusi hapa Tanga mwaka 2015, nikiwa na kamera moja ya mtumba, lenzi ya milimita 18 hadi 55 (kipimo cha jinsi lenzi inavyovuta picha karibu) iliyokuja nayo, lenzi ndogo ya milimita 50 niliyoinunua kwa mkopo wa kikoba, na flashi iliyokuwa ikinila betri kila Jumamosi. Begi halisi la kamera lilikuwa likiuzwa shilingi 120,000, nami niliona kwamba fedha hizo ni heri ziingie kwenye lenzi kuliko kwenye mfuko wa kuibebea. Mama alinipa kanga kuukuu, laini kwa kufuliwa miaka mingi, akanionyesha namna anavyofunga vikombe vyake vya kaure kabla ya kuvirudisha kabatini. Nilifunga kila kitu kwa mtindo huo na kujiona nimemaliza kazi.

Nilichosahau ni kwamba vikombe vya mama havisafiri. Safari yangu ya kwanza ya maana ilikuwa harusi ya Pangani, kabla ile barabara haijawekwa lami, na kwa muda wote wa safari begi lilikuwa likirukaruka miguuni pangu pamoja na abiria wengine. Nilipolifungua kwenye baraza la nyumba ya bibi harusi, kanga ilikuwa imefunguka, kifuniko cha mbele cha ile lenzi ya milimita 50 kimechomoka, na mguu wa chuma wa flashi, ule unaochomekwa juu ya kamera, umelala kwenye kioo. Alama zilikuwa mbili, moja fupi na nyingine ndefu kama unywele. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia hadi kwenye mikunjo ya kanga, na nilipoifuta lenzi kwa kanga hiyohiyo, niliongeza alama ya tatu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa haki niseme kwamba mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauui lenzi. Picha za kawaida ziliendelea kutoka vizuri, na ilinichukua wiki kadhaa kugundua madhara yake, ambayo huonekana pale jua au taa ya ukumbi inapoielekea kamera: mwanga hutawanyika na nyuso hupauka. Hasara kubwa zaidi niliiona siku ya kuiuza, kwa sababu mnunuzi aliiinamisha chini ya taa, akaguna, akakata bei nusu. Tangu Pangani nina kanuni ambayo sijaivunja, kwamba kitu cha chuma na kioo havilali chumba kimoja. Flashi, kibati kinachoishika kamera juu ya stendi, funguo na sarafu vina mfuko wao wenye zipu. Kile kikinga jua cha plastiki ambacho wengi hukiacha nyumbani mimi hukigeuza na kukivisha kinyumenyume juu ya lenzi ikiwa begini. Na vumbi hupulizwa kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha ndipo kitambaa kinapogusa kioo. Ukianza na kitambaa, unasugua mchanga.

Mwaka 2017 nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikanunua Kariakoo begi la kweli kwa shilingi 85,000, lenye kuta za sponji zinazobandikwa na kubanduliwa kwa velkro. Jioni ile nilikaa sakafuni nikizipanga na kuzipangua kama mtoto anayejenga nyumba. Kosa langu la awali lilikuwa kuacha nafasi kubwa, nikidhani kuwa lenzi inahitaji kupumua, wakati chumba kipana huiacha ikigongagonga. Siku hizi nina kipimo ambacho hakigharimu chochote: nafunga zipu zote, nalinyanyua begi hadi karibu na sikio, nalitikisa polepole. Nikisikia "ko", narudi kusogeza ukuta. Lenzi iliyokaa vyema haitoi sauti, na hutoka kwa kuvutwa kidogo bila kung'ang'ania.

Begi hilo lilikuwa zuri kiasi kwamba nilianza kuliamini kupita kiasi. Kamera ilikuwa ikilala humo, lenzi zililala humo, na baadaye mwaka huohuo ilipoongezeka lenzi ya milimita 24 hadi 70, ya mtumba pia, kwa shilingi 1,600,000 ambazo nilizikusanya kwa miezi kumi na minne, nayo niliipa chumba chake humo na kufunga zipu.

Mwezi Machi mwaka 2018 nilijifungua. Nilihamia kwa mama Ngamiani kwa ajili ya arobaini, arobaini ikazaa miezi mitatu, na begi likabaki chini ya kitanda katika chumba changu ambacho madirisha yake yalifungwa kwa sababu ya mvua. Masika ya mwaka ule hayakuwa na mchezo. Nilirudi kazini mwezi Juni kwa harusi ya watu waliokuwa wamenilipa nusu kabla. Nilipoona picha kwenye kompyuta nilidhani kioo cha kompyuta ndicho kichafu: nguo nyeupe ya bibi harusi ilikuwa kama imepigwa kupitia chandarua, na kila taa ilikuwa na wingu lake. Nilifuta lenzi mbele, nikafuta nyuma, wingu halikuondoka. Niliwarudishia wale watu shilingi 300,000, nikapanda basi kwenda kwa fundi, mwanangu mgongoni.

Fundi alikuwa mzee wa makamo mwenye meza ndogo kwenye ghorofa ya pili, miwani miwili kichwani na mmoja machoni. Alivuta pazia, akawasha tochi, akaielekeza kwenye kioo cha nyuma cha lenzi huku mimi nikichungulia kwa mbele. "Mama, hebu tazama pembeni, si katikati." Niliona nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui, zikitoka ukingoni na kutambaa kuelekea katikati, zikigawanyika kama mizizi ya nyasi. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia: aliliweka begi langu mezani, akalifungua, akaingiza pua yake yote ndani na kunusa. "Begi lako limepata fangasi kabla ya lenzi," alisema.

Aliyonieleza asubuhi ile ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Vijimbegu vya fangasi vimo hewani kila mahali, na hakuna mtu anayeweza kuvizuia visiingie ndani ya lenzi, hasa lenzi ya kukuza ambayo huvuta na kutoa hewa kila unapoizungusha. Vinachosubiri ni unyevu, giza, hewa iliyotulia, na chakula kidogo, na chakula chenyewe ni vumbi au mafuta ya vidole. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 60 au 70 kwa muda mrefu, huanza kuota, na hapa pwani wakati wa masika hewa huvuka kiwango hicho bila taabu. Vikiota hutoa tindikali inayokula utando mwembamba wa zambarau au kijani uliopakwa juu ya kioo. Nyuzi zinaweza kufutwa, ila utando ulioliwa haurudi. Nami nilikuwa nimevipa kila kitu: sponji nene iliyokuwa ikizuia kishindo ndiyo hiyohiyo iliyonyonya jasho la mgongo wangu na mvuke wa masika, ikaushikilia gizani kwa miezi mitatu.

Nilijitetea kwamba nilikuwa na vile vipakiti vya silika jeli. Aliviokota kutoka kwenye kona ya begi, viwili, nilivyovitoa kwenye boksi la viatu. Alivipasua, punje zikamwagika mezani, akacheka kwa upole. Vipakiti vya aina hiyo hunyonya maji kiasi fulani tu, na vikishashiba hukaa tu kama kokoto. Vyangu huenda vilishiba hata kabla sijavinunua viatu hivyo.

Kusafisha lenzi kubwa kuligharimu shilingi 250,000, na alama hafifu ya nyuzi zilikopita ilibaki pembeni mwa kioo kimoja cha ndani. Ile ya milimita 18 hadi 55 aliniambia wazi kuwa kuifungua kungenigharimu zaidi ya kununua nyingine, akanishauri niitupe na nisiirudishe karibu na lenzi nyingine. Nilikaa nayo mkononi ndani ya basi hadi Tanga. Nimeitunza kama ukumbusho, kwenye mkebe wa biskuti, upande mwingine wa nyumba.

Hapo ndipo nilipoacha kulitumia begi kama ghala. Nikirudi kazini, hata kama ni saa nane ya usiku, vitu vyote hutoka. Begi huachwa wazi likiangalia dirisha, na siku ya pili kuta za sponji huanikwa juani saa moja au mbili. Kamera na lenzi huingia kwenye boksi la plastiki la lita 12 lenye ukingo wa mpira na vibanio vinne. Nilinunua maboksi mawili ya namna hiyo kwenye duka la vyombo vya jikoni kwa shilingi 18,000 kila moja. Kabati za umeme za kukaushia kamera zipo, lakini bei yake ni ya lenzi nzima, na boksi linatosha kwa mtu mwenye lenzi tatu au nne.

Hata boksi nililikosea mwanzoni. Nilikuwa nimesikia kwamba mchele hukausha vitu, basi nikaweka bakuli la mchele ndani na kufunga. Baada ya wiki mbili nilifungua nikakuta fukusi akitembea juu ya kifuniko cha lenzi kwa utulivu wa mwenye nyumba. Mchele haukaushi hewa kwa kiasi cha maana, na unga wake ni vumbi jipya. Nikanunua silika jeli ya punje za rangi ya machungwa, ambazo zikishiba maji hugeuka kijani kibichi iliyokolea, hivyo huhitaji kubahatisha. Gramu 200 zinalitosha boksi langu. Zikibadilika rangi nazikausha kwenye sufuria kuukuu juu ya moto mdogo, nikizigeuza bila haraka hadi rangi yake irudi, kwa maana moto mkali huziunguza zikawa nyeusi na kukosa kazi. Mwenye oveni huiweka kwenye nyuzi 120 kwa muda wa saa mbili hivi. Sufuria hiyo haipikiwi chakula tena. Zipo pia punje za buluu, ambazo rangi yake hutokana na kemikali ya kobalti yenye sumu, na katika nyumba yenye mtoto sizitaki.

Kipakiti kimoja cha karatasi kiliwahi kunipasukia ndani ya boksi, punje mbili zikaingia kwenye pete ya kukuzia, na kwa siku nne lenzi ilikuwa ikisaga kama kinu. Niliponyoka kwa kuzipuliza na kuomba Mungu. Nikaenda kwa fundi cherehani wa jirani, akanishonea vifuko sita vya marikani vyenye mshono wa mara mbili, kwa shilingi 500 kila kimoja, na hivyo ndivyo ninavyovitumia hadi leo, boksini na begini. Juu ya kifuniko kwa ndani nimebandika kipimaunyevu kidogo cha shilingi 15,000. Nalenga kati ya asilimia 40 na 50. Nilidhani kukausha zaidi ni bora zaidi, hadi yule fundi wa lenzi aliponikanya kwamba hewa kavu mno kwa muda mrefu hukausha grisi ya ndani na kuzeesha mipira.

Mwaka 2019 nilijifunza somo la tatu, na hili lilimhusu mtu mwingine. Mwenzangu wa kazi aliniazima lenzi yake ya milimita 70 hadi 200, ile nzito ya karibu kilo moja na nusu, kwa ajili ya sherehe ya Lushoto. Begi langu halikuwa na chumba cha urefu ule, kwa hiyo niliiacha imefungwa kwenye kamera, nikailaza juu ya vitu vingine na kulazimisha zipu. Ndani ya basi niliweka begi juu, kwenye keria ya mizigo midogo. Anayeijua barabara ya kupanda kutoka Mombo anajua kona zake. Kabla hatujafika Soni, begi liliteleza na kuanguka kwa upande kwenye ubavu wa kiti. Nje halikuwa na hata alama. Nilipoanza kupiga picha, upande wa kushoto wa kila picha ulikuwa safi na upande wa kulia umefifia. Uzito wote wa kishindo ulikuwa umepita kwenye shingo, ile pete ya chuma inayounganisha lenzi na kamera, ikapinda kwa kiasi ambacho jicho halioni.

Nililipa shilingi 400,000 za matengenezo, ambazo ni zaidi ya nilizolipwa Lushoto. Mwenye lenzi aliipokea, akasema "haya", akaiweka kabatini. Mpaka leo tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto, lakini hajawahi kuniazima tena hata kadi ya kumbukumbu.

Sasa kamera husafiri na lenzi fupi au imevishwa kifuniko chake cha mwili, na lenzi ndefu husafiri peke yake, vifuniko vyote viwili vikiwa mahali pake. Vitu vizito hukaa chini na upande wa mgongo, vyepesi juu na nje, na hilo huokoa bega kabla ya kuokoa kifaa. Lenzi fupi nazisimamisha wima, kifuniko cha nyuma kikiwa chini na cha mbele kikinitazama, kisha nimebandika kipande cha plasta juu ya kila kifuniko na kuandika namba yake, kwa sababu ukumbini mwanga hupunguzwa ghafla na MC hasubiri mtu anayepapasa. Kila lenzi ina chumba kilekile siku zote. Chumba kitupu kinaniambia, kabla sijaondoka, kwamba kuna kitu nimekisahau juu ya spika. Na ndani ya gari, begi hukaa mapajani au kati ya miguu, hata kondakta anune vipi.

Vile vidogo ndivyo vinavyopuuzwa, nami nimelipia uzembe huo kwa awamu. Betri mbili za akiba zilizolala mfuko mmoja na funguo zilipata moto hadi nikazihisi kupitia kitambaa, kwani chuma kilikuwa kimeunganisha ncha zake. Sasa kila betri ina kifuniko chake cha plastiki, na yenye chaji huangalia juu, iliyokwisha huangalia chini. Nilipopanda ndege kwenda Mwanza mwaka 2022 niliitwa kwenye ukaguzi kwa sababu nilikuwa nimeziweka betri za akiba kwenye sanduku la mizigo ya chini. Betri za lithiamu za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, na za kamera, ambazo nyingi huwa na wati-saa (kipimo cha nishati ya betri) kumi na kitu tu, ziko mbali na kikomo cha kawaida cha wati-saa 100. Betri za flashi hutolewa ikiwa kazi haipo, la sivyo huvuja na kula vyuma vya ndani. Kadi zina kasha lao gumu. Chupa ya maji, mafuta ya kupaka na kile kitakasa mikono kilichonimwagikia mwaka 2020 havina ruhusa ya kuingia kwenye begi hilo, hata kwa dakika tano.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wageni wa pwani hulishangaa. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali na kuingia nje kwenye joto, lenzi hujaa ukungu mara moja, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na maji hayo yakirudi begini yakiwa hayajakauka unakuwa umefuga fangasi mpya. Naliacha begi limefungwa, nalitoa nje nusu saa au zaidi kabla ya wakati wa kupiga picha za bustanini, vitu vipate joto taratibu ndani yake. Nikichelewa kufanya hivyo, nasubiri ukungu uondoke wenyewe. Sifuti, wala sibadilishi lenzi.

Ile lenzi ya milimita 24 hadi 70 bado ndiyo inayonilisha. Fundi alinionya kwamba fangasi iliyosafishwa huweza kurudi, kwa hiyo imekaa kwenye lile boksi la pili, peke yake, na kila baada ya miezi miwili nazima taa za sebuleni na kuimulika kwa tochi kutoka nyuma, mwanangu akishikilia vifuniko. Mwezi uliopita tuliona uzi mmoja mfupi pembeni, kwenye ile alama ya zamani. Nimeuchora kwenye daftari kwa penseli, pamoja na urefu wake na tarehe, nione kama utatembea.